Nilichukua Siri ya Maman Olivier Nikaitia mu Film

Bandugu, mi nilikosa. Na si kosa ya kusema shetani alinisukuma. Shetani hakuwa pale. Tulikuwa mi, mikro na mudomo yangu. Nasema mapema ili muntu asianze kusoma akifikiri atanihurumia. Musinihurumie. Nikijitazama mu kioo asubuhi nasikia kinyaa, natema mate, nanawa, na kinyaa iko palepale.

Majina yote nimegeuza. Yangu sitaisema.

Mi ni Munyarwanda mwenye alikulia Bukavu. Tulirudi kwetu nikiwa kijana, na sasa napanga chumba Gihundwe. Kazi yangu ilikuwa kufasiri film mu sale moja ya Kamembe. Kwa wasiojua: kuko mabenchi, kuko ekrani kubwa, film inacheza mu luga ya kwabo, mi nakaa kando na mikro. Napunguza sauti yabo, nasema mi mu Swahili. Nafanya sauti ya mwanaume, ya mwanamuke, ya farasi. Kama film ni mubaya natukana acteur mwenyewe, bantu banacheka, siku inapita.

Film ziko na shida moja: zinaisha. Leo ni kapteni wa meli mwenye jicho moja, siku ya Mungu inayofuata patron mwenye sale analeta film ya mupelelezi wa koti ndefu, na bantu banaanza kelele. Kapteni yuko wapi? Alioa? Alikufa?

Njo nikaanza kubaunganisha. Nikasema mupelelezi ni mutoto wa dada ya Kapteni. Yule muzee wa kuchimba hazina mu mapango, nikasema ni shemeji yabo, na alibadai ng'ombe. Farasi akipita mu film ya jangwani, mi nasema: "Munamuona huyu? Ni mujukuu wa farasi ya Kapteni, angalieni matako!" Sale inapasuka.

Wale bantu waliotengeneza zile film habajuani hata. Kila moja imetoka inchi yake, zingine ni za kizamani, hazina hata rangi. Lakini kwetu Kamembe bote balikuwa familia moja. Babu yabo alikuwa Mzee Kashindi, ambaye hajaonekana mu film hata moja, juu nilimutunga mi mwenyewe nikioga. Nilikuwa na daftari ya kuandika nani alizaa nani, ili nisijichanganye. Bantu bakaacha kuja kuona film. Balikuja kusikia ukoo.

Siye ba hapa tuko vile. Mugeni akifika, hata maji hajanywa, anaulizwa: weye ni wa kwa nani? Asiye na wa kwabo tunamutazama mara mbili.

Sasa kukaja film ya Maski. Shujaa wa kufunika uso, anaruka paa kwa paa, anapiga bezi. Batoto ba Kamembe bakamupenda kuliko bote. Lakini mu film habasemi alitoka wapi, na sale haikuniacha nipumue. "Mufasiri! Maski ni wa kwa nani?" Nikasema mutatambua. Wiki ya pili, mutatambua. Wiki ya tatu muntu mumoja akapiga mluzi, akasema, "Huyu ameishiwa." Na vraiment nilikuwa nimeishiwa.

Hapo njo Maman Olivier anaingia.

Maman Olivier alikuwa mwenye nyumba yangu. Anauza sambaza, samaki ndogo za ziwa, mu soko, mujane, mwanamuke wa maneno machache. Miaka tisa nilikaa mu uwanja wake. Nilipougua malaria ni yeye alinipikia uji, ni yeye alinifulia mashuka. Hakuwahi kunikumbusha. Mutoto wake ni mumoja tu, Olivier, anaendesha moto, ile pikipiki ya kubeba bantu, kijana mwenye heshima, sikio yake ya kushoto haina ncha.

Siku moja ya kati ya wiki, mchana, alikuwa anachagua sambaza juu ya mkeka, kubwa huku, ndogo huku. Akaniita.

"Mwanangu, ikala. Weye uko na maneno. Nitafutie maneno."

"Ya nini, maman?"

"Olivier amepata muchumba. Clarisse, wa kule Nkombo."

Nikaanza kupiga bigelegele, akaninyamazisha kwa mukono. Mukono ilikuwa na magamba ya samaki.

Akaniambia. Zamani, yeye na bwana yake balikuwa na miaka sita ya ndoa bila mutoto. Asubuhi moja alikuwa anatoka kisiwani Nkombo na mutumbwi, na mabeseni yake ya sambaza. Kando yake kulikuwa kasichana kamebeba mutoto muchanga mu kitenge ya bluu. Walipofika ng'ambo, kale kasichana kakasema, "Maman, nishikie kidogo nishushe muzigo." Akashika. Kasichana kakashuka na hakakurudi. Maman Olivier alisimama pale na mutoto ya wenyewe mpaka sambaza zikaanza kunuka. Hakukuja muntu.

"Bwana yangu akasema, bakikuja kumutafuta tutabarudishia. Basipokuja, ni wetu. Habakuja. Bwana yangu alikufa nayo mu kifua. Olivier hajui. Sikio alikuja nayo vile, miye namuambiaga ni panya ilimuluma."

Akaokota sambaza ingine, akaiweka kwa ndogo.

"Sasa unaona shida? Musichana ni wa Nkombo. Kisiwa ni kadogo, bote ni bandugu. Nataka niende kule polepole, miye mwenyewe, niulize bamama bazee kabla ya siku ya kuposa. Lakini mbele ya yote lazima nimuambie mutoto wangu. Na maneno sina. Nikifungua mudomo nalia. Weye unajua kusema. Nitengenezee namna ya kuanza."

"Nitatengeneza, maman."

"Usimuambie muntu."

"Maman! Mi?"

Musikie vile nilijibu. Mi! Kama muntu aliyetukanwa.

Bon. Siku ya Mungu, bantu bametoka misa, bengine msikitini walishatoka tangu Ijumaa bakingoja tu hii, sale imejaa mpaka mulango. Maski anaruka. Na muntu akapiga kelele tena: "Wa kwa nani?"

Nawaapia, nilikuwa na nafasi ya kusema uongo yoyote. Ningesema ni mutoto wa Kapteni wa inje ya ndoa, bangecheka, ingepita. Lakini ile ya mutumbwi ilikuwa pale mu ulimi, tamu, tayari, na ulimi hauna mfupa. Nikapunguza sauti ya film. Nikasema polepole:

"Alizaliwa mu kisiwa. Mama yake alimubeba mu kitenge ya bluu..."

Bantu ba kutafuna bisheke, ile miwa, bakaacha kutafuna. Nikabapa mutumbwi, nikabapa "nishikie kidogo", nikabapa muuza samaki amesimama na mutoto mpaka samaki zinanuka. Mwanamuke mumoja akaanza kulia. Na wakati Maski alirekebisha kitambaa ya uso, mi, mupumbavu wa bapumbavu, nikasema: "Munauliza kwa nini anavaa maski? Juu ya sikio! Sikio ya kushoto haina ncha, anaficha ili mama yake wa kweli asimutambue!"

Balisimama juu ya mabenchi. Balipiga makofi mpaka patron akaingia kuona kama kuko moto. Patron akanikumbatia. Na miye nilisikia raha. Njo bile bintu binaniua leo, ile raha. Nilitembea kurudi nyumbani nikiimba, nikapita mbele ya mulango wa Maman Olivier nikamusalimia, akanipa sahani ya sambaza ya kukaanga. Nikakula. Nikakula zote!

Kesho yake ba motari ba Kamembe balianza kumuita Olivier Maski. Sikio ni sikio, kila muntu anaiona. Yeye alicheka. Bakamupigia mluzi stasheni, "Maski, nipeleke hospitali!" Akacheka tena. Ya tatu hakucheka. Akaja chumbani kwangu na kofia ya moto mukononi.

"Kaka, ile istwari ya mutumbwi uliitoa wapi?"

"Mu film."

"Bananiambia mu film hakuna."

"Ndugu, mi natunga, unanijua. Sikio niliona yako tu, nikaiweka, ni utani."

Akanitazama. Ni muntu asiyejua kushuku. Akasema, "Sawa, kaka. Lakini maman asisikie, itamuumiza, anapenda kusema yeye alichelewa kuzaa." Akaenda.

Hapo ningesimama. Muntu yeyote mwenye damu ya muntu angesimama, angeenda mbio kwa maman yake, angepiga magoti. Mi nilifanya nini? Siku ya Mungu iliyofuata sale ilijaa mpaka bengine balikaa chini, na nikabapa sehemu ya pili. Maski amependa musichana wa kisiwa kilekile! Je, kama ni dada yake? Eeee! Ile shida yote ambayo maman muzima alinieleza pale juu ya mkeka, niliimwaga pale kama maji ya kuosha samaki. Bijana balirekodi mu telefone, ikaenda WhatsApp, ikavuka maji mbele yetu.

Na Maman Olivier? Alikuwa ananingojea. Kila jioni, "Mwanangu, maneno umepata?" Mi, "Bado kidogo, maman, nayapanga." Siku ya kuposa ikafika bila yeye kwenda Nkombo, bila yeye kumuambia mutoto, juu alikuwa ananingojea mi. Na akaniomba niwe musemaji wa familia yabo. Nikakubali. Nilivaa hata kravati.

Tulivuka Nkombo asubuhi, jua nzuri, bamama na biseke, bikapu bya zawadi bya kubeba kichwani, Olivier na koti ya kukodi. Mu gusaba, kule kuposa kwetu, munajua, basemaji banashindana kwa maneno. Ba kwa musichana banajifanya habatuoni, banasema tumepotea njia, siye tunabembeleza, kila muntu anafurahi. Mi nilikuwa nashinda. Musemaji wabo, mujomba wa Clarisse, muzee mwenye fimbo, akaona ninamushinda, akatafuta kitu ya kunipiga nayo.

"Munasema mumeleta mutoto wa bantu," akasema. "Siye huyu tunamujua! Si ni Maski? Ametoka hapahapa kwetu, mu kitenge ya bluu! Mumekuja kuturudishia?"

Ilikuwa utani. Nawaambia ilikuwa utani tu, bote balicheka, hata Olivier alicheka kwa heshima.

Bibi wa Clarisse hakucheka. Muzee kabisa, anaketi mu kiti ya mbele. Akaweka glasi chini. Akauliza, "Hii ya kitenge mulisikia wapi?"

"Ni film, bibi," bijana bakajibu.

"Mi siulizi film." Akasimama, bakamushika mukono, akaenda mpaka mbele ya Olivier. Akashika ile sikio. Akaigeuza kwa mwanga. Halafu akageukia Maman Olivier.

"Dada, huyu mutoto, ulimuzaa ama ulimukuta?"

Hapo nilitegemea Maman Olivier amutazame Olivier, ama atazame chini. Alinitazama miye. Hakuna aliyeelewa juu ya nini ananitazama, miye peke yangu. Hakuwa na kasirani. Alikuwa kama muntu anayehesabu upya kitu aliyokuwa na hakika nayo.

"Nilimukuta," akasema. "Lakini ni wangu."

Bibi akasema kulikuwa kasichana ka nyumba yabo, mutoto wa dada yake, kalitoka kisiwani na mutoto mwenye sikio ya kuungua na moto, kakarudi mikono mitupu, kakasema mutoto amekufa. Kenyewe kalishakufa zamani. Akasema Clarisse na Olivier ni damu moja na hakuna gusaba.

Clarisse alikuwa ndani, amevaa mushanana, nguo ya sherehe, anangoja kuitwa. Tulimusikia.

Tulirudi na mutumbwi mchana uleule. Bamama balishika biseke byabo mapajani. Olivier alikaa akitazamana na maman yake. Katikati ya maji akauliza:

"Ilikuwa mutumbwi kama huu?"

"Ndiyo, papa." Anamuitaga papa, tangu utoto.

"Na Maski uliisikia?"

"Maski ni nini?"

Akageuka kwangu. Hakunipiga. Ningependa anipige! Akatoa koti ya kukodi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya magoti yangu. Tulipofika ng'ambo alipanda moto yake akaenda. Tunasikia yuko Bugarama, mu mashamba ya mupunga ama mu kiwanda ya simenti, kila muntu anasema yake. Maman yake akipiga telefone, haishikwi.

Patron alikuja kunifariji. "Lakini uliokoa batoto! Bangeoana ndugu kwa ndugu!" Na mi, mulaji wa sambaza za bure, nilishika ile neno nikailalia siku tatu. Uongo mutupu. Maman Olivier alishataka kwenda kuuliza mwenyewe. Angekaa na yule bibi jikoni, bangelia babili, angerudi amuambie mutoto wake kwa mudomo yake, na Olivier angelia, angebaki na maman. Ile kitu yote ilihitaji ni mi kunyamaza na kutafuta maneno mawili matatu.

Sasa sikieni mubaya kuliko yote. Siku ya Mungu iliyofuata, nilirudi mu sale.

Ndiyo. Nilirudi. Patron alisema bantu banataka mwisho wa Maski, na nikaenda. Nilijiambia ni kazi. Sale ilijaa mpaka dirishani, juu Kamembe yote ilishajua, na banataka kuona kama nitaisema. Nikashika mikro. Nikasema, "Maski akaondoka kisiwani..."

Mulango ukafunguka, jua ikaingia. Maman Olivier. Na kitambaa yake ya soko kiunoni, ametoka moja kwa moja mu sambaza, harufu ikamutangulia. Alilipa mulangoni kama muntu yeyote. Bantu bakasogea, akakaa benchi ya mbele, mikono juu ya magoti. Hajawahi kuingia sinema mu maisha yake.

Nikashusha mikro. Film inaenda, Maski anapiga bantu bila sauti.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Usinyamaze juu yangu. Mi pia nimekuja kusikia."

"Maman..."

"Niambie, yule mwenye samaki. Mutoto wake anarudi?"

Huko nyuma kijana mumoja akalalamika, "Aendelee, tumelipa!" Alikuwa anaongea kama mi.

Nikasema, "Anarudi, maman."

"Lini?"

Bandugu, nilikuwa muntu wa kujibu kila swali. Farasi ya nani, ng'ombe ya nani, babu ya nani, nilikuwa najibu kabla hujamaliza kuuliza. Nikatafuta. Hakuna kitu ilitoka. Alingoja sana. Halafu akasimama, akafunga kitambaa vizuri, akarudi sokoni.

Mikro niliiweka pale na sijaishika tena. Nilihama ile nyumba, hakunifukuza, nilihama juu sikuweza kupita mbele ya mulango. Ile daftari ya ukoo nilitupa mu choo. Nikisikia bijana ba Kamembe banasema Maski hivi, Maski vile, nageuza njia, maana bado banaipenda, mungine tayari anaiendeleza.

Wee mwenye kusoma, wee mwenye mudomo mutamu, unayechekesha bantu mu bari, kazini, mu groupe ya WhatsApp: ukiambiwa shida ya muntu, usiigeuze majina ukadhani umeificha. Usiibadilishe ziwa ikawa bahari ukadhani haitajulikana. Na muntu akikupa kazi ya kumutafutia maneno, mupe maneno yake siku ileile, umurudishie, usahau. Makofi ni ya dakika moja. Mi nilipigiwa makofi na bantu bakiwa wima juu ya mabenchi, na nawaambia ni bintu bichafu.

Na wee ninayekuita Olivier hapa, unajijua. Mi usinisamehe, sikuombi hiyo. Kila jioni akimaliza kuuza anakaa na telefone mapajani mpaka inazimika. Mupigie maman yako.